Nyota, Istikhara na Kimya cha Mwari

Posa ya pwani ina sauti nyingi: ya wazee waliopeleka barua, ya mshenga, ya mwalimu wa falaki. Ya mwari ndiyo adimu. Upungufu huo umeingia hata katika tungo za mapenzi, ambamo neno "nyota" hutumiwa kwa wepesi mno.

Katika falaki, herufi za jina la mtu na la mamaye huhesabiwa kwa abjadi, jumla ikagawiwa kwa 12, na baki huonyesha nyota yake. Za wawili zikipingana, posa hurudishwa. Mila hii ina sitara yake: kusema nyota hazikuafikiana ni kumkatalia mposaji bila ya kumvunjia heshima. Lakini mshairi anayelia kwamba nyota imemnyima mpenzi huepuka kuuliza ni nani hasa aliyekataa.

Wako wanaoitia istikhara katika kapu hilo hilo, na hapo hukosea. Istikhara ni rakaa mbili na dua; mja humuomba Mola amchagulie la kheri, kisha hukata shauri na kulibeba mwenyewe. Falaki humpa hukumu iliyokwisha katwa. Mafundisho ya dini yaliivunja pia hofu ya nyakati: Bibi Aisha amepokewa akisema kuwa Mtume alimuoa mwezi wa Shawwal, ndio Mfungo Mosi, mwezi ambao Waarabu wa zama za ujahili waliuona mkorofi kwa ndoa.

Hadithi nyingine hutajwa nusu: idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Kunyamaza huko ni jibu, na jibu hutanguliwa na swali. Adam Shafi ameliona hilo katika Vuta n'kuvute (1999). Yasmin anaozwa Raza, mume wa umri wa baba yake. Utiifu wake kwa wazazi haukuwa ridhaa, na hatimaye anamkimbia.

Ushairi nao unaiweza kazi hiyo. Beti nyingi humsifu mwari macho, shingo na mwendo. Chache humpa zamu ya kusema. Na bahari ya kujibizana ipo tangu zamani, ubeti ukiuliza na ubeti ukijibu. Mtunzi atakayemweka mposaji upande huu na mposwa upande wa pili hatakuwa na haja ya kuisingizia nyota.