Jicho la Mfugaji

Kiswahili hakikuridhika na neno moja kwa kuku. Anayetoka kwenye yai ni kifaranga. Dume aliyekua lakini bado hajawika ni pora. Jike ambaye hajataga ni mtetea, na akishataga na kuatamia anaitwa koo. Maneno haya yalitoka uani, kwa watu walioamka na kuku wao na kulala baada ya kuwahesabu. Kutoka kifaranga hadi pora kuna wiki nyingi za kutazama, na ufundi wenyewe wa kutenganisha dume na jike uko humo.

Kifaranga wa siku moja ni fumbo kweli. Mwaka 1927, Kiyoshi Masui na wenzake kutoka Japani waliwaeleza wataalamu waliokutana Ottawa, Kanada, namna ya kulifumbua: kifaranga anabinywa taratibu mpaka kinyesi kitoke, tundu la nyuma linafunuliwa, na jicho linatafuta kiuvimbe kidogo kama kichwa cha pini. Aliyebobea hupitisha vifaranga zaidi ya 800 kwa saa, na hukosea mara chache mno. Mkono usiofundishwa, hata hivyo, unaweza kumuua kifaranga.

Njia ya kutazama manyoya ya bawa ni nyepesi zaidi, lakini hufaa kwa vifaranga ambao wazazi wao walichaguliwa kwa kusudi hilo. Umbo la yai nalo halisemi kitu, ingawa watu wamelitegemea tangu enzi za Aristotle. Kwa ndege, jinsia huamuliwa na mbegu ya mama, kabla ganda halijafunika yai.

Basi mfugaji wa kuku wa kienyeji kule Singida, Tanzania, hana budi kungoja, na anangoja akifanya kazi.

Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Asiye na kipimajoto huwasoma wenyewe. Wakirundikana na kulia, ni baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kudonoa bila kelele, mambo ni shwari. Chakula ni pumba, dagaa na mashudu ya alizeti. Wengine hujaza chungu samadi na majani makavu, wakakifudikiza penye mchwa; asubuhi kikiinuliwa, vifaranga wanagombania. Chanjo ya ugonjwa wa kideri hutiwa tone moja jichoni, na kwa kila tone kuku mmoja anashikwa, anageuzwa, anatazamwa.

Hapo ndipo dalili zinapoanza kujitokeza. Kuanzia wiki ya sita, undu wa dume kichwani huinuka na kuiva kwa wekundu, huku wa jike ukibaki mdogo na wa rangi hafifu. Miguu ya dume hunenepa, na wawili wakikutana hutunishiana vifua. Lakini undu unaweza kudanganya, hasa kwa kuku wa damu ya kuchi, ambaye undu wake ni mdogo hata akiwa jogoo. Ushahidi mzito huja karibu na wiki ya 12, kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia: manyoya ya dume huchomoza marefu, membamba, yenye ncha, ya jike hubaki mapana yenye mwisho wa mviringo.

Kwenye vituo vingi vya kuangulia kuku wa mayai, dume hutambuliwa ili aondolewe siku ileile aliyoanguliwa. Uani, pora ana nafasi yake: ni kitoweo cha Idi na Krismasi, ni ada ya shule, ni jogoo wa kesho. Kumtambua ni kumpangia maisha.

Jua linapozama, kuku wanaingia bandani mmoja mmoja. Mama mwenye banda anahesabu: pora watatu, mitetea watano. Wa tisa, mwenye shingo tupu, amemsumbua mwezi mzima. Anamdaka, anamgeuzia kwenye mwanga uliobaki, anapitisha kidole kiunoni. Manyoya ni ya mviringo.

"Mtetea," anasema, na kumwachia aingie kulala.