Ukucha Uling'olewa, Mzizi Ukaachwa

Kila aliyehudhuria lile onyesho la upasuaji mdogo aliliona tukio hili kwa macho yake, nami sioni haya kulihukumu kabla ya kulieleza: tabibu yule, ambaye mikono yake ni miepesi na elimu yake haina shaka, alipotia koleo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa yule kijana mcheza mpira, akaukunja na kuung'oa wote kutoka pembe hata pembe, alifanya jambo lisilohitajika, na alipokwisha kulifanya akaliacha lile lililohitajika. Makosa mawili kwa mkono mmoja si haba.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Ukucha ulikuwa umezama upande mmoja tu, ule unaotazama kidole cha pili. Usaha ulikuwapo kidogo, ukingo wa nyama umevimba na kuanza kuupanda ukucha, lakini ile nyama nyekundu laini, itokayo damu kwa kuguswa tu, ilikuwa bado haijaota. Kwa mizani ya Heifetz ya mwaka 1937, ambayo sote tulikaririshwa, hiyo ni daraja ya pili. Sehemu ya kati ya ukucha na upande wake mwingine vilikuwa salama salimini. Ganzi ilitiwa kwa ustadi, lignokaini pande zote mbili za shina la kidole, na mpira wa kuzuia damu ulifungwa na kufunguliwa kwa wakati wake. Kwa hayo nampa haki yake. Kisha sinia likasogezwa, na juu ya sinia palikuwa na kichupa cha fenoli, kimefungwa, na vijiti vya pamba vimepangwa ubavuni mwake. Hakuna aliyekigusa.

Nasema halikuhitajika kwa sababu iliyo bayana. Mzizi wa ukucha umelala nyuma, chini ya ngozi, na pembe zake mbili zimerudi ndani na kushuka ubavuni mwa mfupa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Ukucha ung'olewapo, mzizi hubaki mahali pake, mzima na hai, wala hauna kazi duniani ila kuotesha ukucha mwingine wa upana ule ule. Mwenye shamba afyekaye ndago juu ya ardhi na kuziacha chembe zake chini anajua atakayoyaona baada ya mvua. Ndiyo maana katika ripoti nyingi zilizochapishwa juu ya kung'oa peke yake, maradhi yamewarudia zaidi ya nusu ya wagonjwa, ilhali ukitolewa ukanda wa upande uliozama tu, na pembe ile ya mzizi ikaunguzwa kwa fenoli, wanaorudi ni wachache mno.

Mtasema kwamba aliulizwa, naye akajibu. Ni kweli: yule tabibu msaidizi aliyekaa safu ya mbele, ambaye taadhima yake kwa wakubwa haikumzuia kuuliza, alitaka kujua kwa nini fenoli haikutumika, akajibiwa kwamba kazi ilikuwa ndogo na kwamba ukucha mpya utaota umenyooka. Jibu hilo limenikera kuliko kitendo chenyewe. Utanyooka kwa amri ya nani? Ukucha wa kidole gumba cha mguu huenda takriban milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo huchukua mwaka, na aghalabu mwaka na nusu, kufika mwisho wa kidole. Na katika muda huo wote nyama ya ncha, ambayo ardhi huisukuma juu kila mtu akanyagapo na ambayo hapo awali ilikandamizwa na ukucha, haina tena wa kuizuia, basi huinuka na kujikusanya mbele kama ukuta. Ukucha mchanga ufikapo hapo hukuta njia imezibwa. Kijana aliyeingia ukumbini na ubavu mmoja mbaya anaweza kupata mbavu mbili na ncha juu yake, tena ni mtu apigaye mpira kwa mguu ule ule.

Wala si elimu mpya ninayoidai. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, katika makala ya thelathini ya kitabu chake cha Tasrif, alipofikia kidole ambacho nyama imejaa chini ya ukucha, aliagiza ziada ya ukucha ikatwe, kisha mahali pale patiwe moto. Angalieni: ziada, si ukucha mzima, na baada ya kukata, moto. Mtu yule hakuwa na lignokaini wala darubini, lakini alifahamu kwamba kukata peke yake hakutoshi. Winograd, mwaka 1929, alikata kabari ya upande mmoja pamoja na mzizi wake, akauacha ukucha uliobaki uendelee na maisha yake. Otto Boll, mwaka 1945, akaleta fenoli, ile dawa ambayo Lister aliitumia Glasgow mwaka 1865 kuzuia vidonda visioze, akaigeuza kuwa silaha ya kuua mzizi. Na Zadik, mwaka 1950, alipoona kwamba ukucha wote hauna budi kuondoka, hakuuondoa ila pamoja na mzizi wake wote. Hata Vandenbos na Bowers, waliokuja mwaka 1959 na hoja ya kuudhi kwamba ukucha hauna hatia na nyama ndiyo iliyozidi, wakakata nyama na kuuacha ukucha mzima, walikuwa na hoja. Kung'oa na kuacha hakuna hoja, kuna desturi tu, nami nimekwisha kuilalamikia desturi hii katika safu hii mara nyingi hata mhariri ameanza kunitazama kwa huruma.

Kazi yenyewe ingechukua dakika chache zaidi. Mpira ukiwa bado umefungwa, maana damu huizimua fenoli na kuidhoofisha, ukanda wa milimita tatu hadi tano hupasuliwa kwa mkasi mwembamba kutoka mbele hata chini ya ngozi ya nyuma, hushikwa kwa koleo na kuzungushwa kuelekea katikati ya kidole mpaka utoke na shina lake. Hapo hutazamwa kama shina limetoka zima, kwani kipande kikibaki ndicho kitakachokuwa mwiba wa kesho. Ngozi ya jirani hupakwa vaselini. Kijiti cha pamba kilicholowa fenoli ya asilimia 80 au zaidi, kilicholowa bila kudondosha, huingizwa mpaka kwenye pembe ya mzizi na kusuguliwa dakika moja, kisha kingine, kisha cha tatu. Halafu mahali pale husafishwa kwa spiriti, na mpira hufunguliwa mbele ya shahidi, kwa sababu mpira uliosahaulika chini ya bandeji umewahi kuua vidole. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba kidonda cha fenoli huvuja majimaji wiki mbili hadi nne, ama sivyo atadhani kimeoza, akakimbilia duka la dawa.

Hapo nagusa jeraha langu la zamani. Kijana yule aliondoka na karatasi ya amoksilini, kama wanavyoondoka karibu wote. Usaha wa ukucha uliozama unatokana na mwiba uliomo nyamani. Mwiba ukitoka, usaha hukauka bila kapsuli hata moja, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 hayakuona kwamba antibiotiki baada ya upasuaji huu hupunguza maambukizo. Wekundu ukipanda mguuni, au mgonjwa akiwa na kisukari, ni habari nyingine. Huyu hakuwa na kimojawapo.

Kadhalika yale mawaidha ya mwisho, ya kuchonga kipande cha pembe tatu katikati ya ukucha ili pande zake zivutane kuja kati, ningependa yafutwe katika madaftari ya waliohudhuria. Ukucha hukua kutoka nyuma, na linalofanywa mbele halifiki huko. Aliposema kucha zikatwe mstari mnyoofu, zisifupishwe kupita ncha ya kidole na pembe zake zibaki zikionekana juu ya nyama, alisema kweli. Ila sentensi moja haikutosha, maana maradhi haya aghalabu huanzia kwenye pembe iliyochimbwa, iwe na mwenyewe kwa wembe au na vijana wale wapitao mitaani na vikapu vya rangi za kucha, ambao mteja huwasifu kwa kadiri wanavyochimba ndani. Naye mcheza mpira hakuulizwa habari za viatu vyake, ilhali wengi wao hununua kiatu kinachobana kwa makusudi, wakiamini kwamba hivyo mpira hutii zaidi. Pamba ndogo iliyoinua pembe ya ukucha, au plasta iliyovuta nyama mbali nayo, pamoja na kiatu chenye nafasi, ingalimfaa miezi kadhaa nyuma, alipokuwa bado katika daraja ya kwanza.

Ameambiwa arudi ukucha ukimsumbua tena, na kwa hesabu niliyoitoa hapo juu, huenda akarudi. Atakayempokea, nadhani atakuwa mtu mwingine, asishike koleo kuung'oa mara ya pili. Asubiri ukingo wa upande ule utokeze vya kutosha kushikika, apapase mishipa ya mguu kama damu inafika, atie ganzi, atoe ukanda wa upande uliozama peke yake, aiunguze pembe ya mzizi wake, na upande wa pili, maadamu hauumi, usiguswe.