Prado haikufia Lukumburu

Ile Prado ya 1KZ iliyovutwa kutoka Lukumburu haikufia mlimani. Ilifia gerejini, hapahapa Songea, siku fundi alipofungua nyumba ya themostati, akaitoa, akarudisha mfuniko mtupu na kumwambia mwenye gari kwamba sasa maji yatapita vizuri. Kosa ni hilo, na sioni wa kulitetea.

Gari lilikuwa likichemsha kwenye vilima. Tambarare mshale ulitulia. Dalili hiyo mara nyingi ni ya rejeta iliyoziba au klachi ya feni iliyochoka. Kuipima rejeta hakuhitaji mashine: injini ikishapata moto, izime, pitisha kiganja kwenye mapezi, panapobaki pa baridi, maji hayapiti. Hakuna aliyepitisha kiganja. Themostati nayo hupimwa kwa sufuria: itumbukize, pasha maji, tazama kama inafunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa mwilini mwake, ambazo kwa nyingi ni 82. Sufuria haikuwekwa jikoni. Waling'oa tu.

Wanaong'oa wanaiona kama kizibo. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini. Valvu kuu ikifunguka kupitisha maji ya rejeta, kisahani kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha injinini bila kupoa. Ukiitoa, njia hiyo haizibwi tena. Asubuhi ya baridi ya Njombe injini haifikii joto lake na inakula dizeli ovyo. Ukipanda na mzigo, sehemu ya maji ya moto inazunguka palepale, rejeta haiyaoni. Mwenye gari alizunguka mjini, akaona mshale uko chini, akaamini limepona. Akaondoka na familia.

Na hii ni 1KZ: hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma. Aliyewahi kushika Surf na Prado za miaka ya 1990 anajua kwamba ikichemsha sana, hedi hupata nyufa kati ya valvu. Land Cruiser mkonga wa 1HZ, lita 4.2, hedi ya chuma, ungevumilia zaidi. Lakini hata mkonga haukuguswa hivi na mafundi wazee waliolelewa kwenye karakana za Peramiho. Wale walipima kwanza, spana ikafuata.

Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: rejeta zetu zinauawa na maji ya dumu. Mtu analipa ushuru wa uchakavu, ananunua rimu na tinti, halafu kulanti anaiona anasa. Kutu na magadi vinajaa kwenye mirija, na fundi anakuja kulaumu themostati.

Haki yao niwape: kuifungua hedi iliyopata nyufa kulifanyika vizuri, boliti zikilegezwa kwa mpangilio wake.

Sasa hedi inasubiriwa kutoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 900, na ukijumlisha gasketi, boliti na ufundi ni milioni kadhaa. Nimeiona orodha ya spea: hedi, gasketi, boliti, oili. Themostati haimo, ingawa bei yake haifiki ya tairi moja, na rejeta haijatajwa popote. Themostati iagizwe ije na basi lilelile litakaloleta hedi, na rejeta ishushwe isafishwe kabla boliti ya kwanza haijakazwa.