Kuusoma Uvimbe wa Jiwe

Wapasua mawe wa Kemmerer, mji mdogo wa jimbo la Wyoming, Marekani, wana kazi wanayoingojea giza. Si kwamba wanalikimbia jua, ingawa machimbo yao yako mlimani, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kivuli ni cha kutafuta. Ni kwamba mchana samaki wao haonekani.

Samaki huyo alikufa miaka milioni 52 hivi iliyopita, katika ziwa ambalo leo ni vilima vikavu vya vichaka na upepo. Tope la chini ya ziwa liligeuka jiwe la chokaa, utando juu ya utando, mmoja mweupe, mmoja wa kahawia. Kuna sehemu ya mwamba ambayo ukiipiga tindo, jiwe hupasukia palepale alipolala samaki, na mifupa yake huwa wazi papo hapo. Wageni huipenda sana sehemu hiyo, na wana haki.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye tabaka jingine, ambalo wachimbaji hulitaja kwa unene wake: inchi 18, yaani sentimeta 45 hivi. Humo jiwe hupasuka juu kidogo ya samaki, likamwacha amefunikwa. Kinachobaki usoni mwa bamba ni uvimbe tu, mstari wa uti wa mgongo na kinundu cha kichwa, na jua la utosini huufuta wote. Usiku, taa ikilazwa ubavuni mwa jiwe, uvimbe hutupa kivuli. Fundi hupitisha kiganja, akajua: huyu ni Knightia, wa jamii moja na dagaa wa baharini, mara nyingi hafikii sentimeta 15; yule mwenye tumbo lililoshuka ni Diplomystus.

Ameshampata, na hamfunui. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Humwekea alama, akakata bamba kwa msumeno akiacha nafasi pande zote, akambeba vilevile. Kumfunua ni kazi ya mezani: sindano, lenzi, na chembe moja ya jiwe baada ya nyingine, hadi miale ya mapezi itokee. Mwenye pupa hufika kwenye mkia akakuta ameshaukwangua.

Mmoja wa wachimbaji wa zamani, Robert Lee Craig, alichimba huko mlimani kuanzia 1897 hadi 1937, akiwa na mguu wa mti. Tangu 1972 sehemu ya eneo la ziwa hilo la kale ni hifadhi ya taifa, Fossil Butte. Wanaouza samaki hao huchimba nje ya mipaka yake, na kwenye ardhi ya jimbo, mabaki ya wanyama adimu kama popo na ndege ni mali ya jimbo.

Wapo pia wauzaji wanaopaka rangi pale pezi lilipopotea. Ukimkuta samaki wa jiwe dukani, kabla ya kuulizia bei, liinamishe bamba dirishani uone kama miale ya pezi ina kivuli.