Mpe Mtani Wako Mji

Muuza kahawa mmoja wa Ngamiani, Tanga, hanadi kahawa yake kwa mdomo. Hugonganisha vikombe viwili vidogo kiganjani, watu wakajua birika limefika. Mdomo ameuwekea kazi nyingine. Kila asubuhi inayofuata mechi ya timu ya taifa, kabla hajammiminia mtu kikombe cha kwanza, husema, "Kitendawili!" Baraza zima, hata waliolala saa nane, huitikia, "Tega!"

Vitendawili vyake havimo kitabuni. Huvitunga mwenyewe usiku, mpira ukishamalizika, na sharti lake ni gumu: kitendawili cha mpira kisitaje mpira, kisitaje mchezaji, kisitaje bao, lakini kikishafumbuliwa, lisionekane ndani yake neno hata moja lililokaa bure. Kimoja sijakisahau: "Jina langu limefutwa daftarini, karamuni nikakalia kiti cha pili." Watu walisema mtumishi hewa, wakasema mjane, wakasema mgombea aliyekatwa. Mwisho wakashindwa. Jibu lilikuwa Zanzibar Heroes. Machi 2017 Zanzibar ilipewa uanachama wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Julai ukafutwa. Desemba ya mwaka uleule vijana hao wakaifunga Tanzania Bara, wakawatoa Uganda katika nusu fainali ya Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, na kule Machakos ikabidi Kenya wangoje penalti ndipo walichukue kombe. Maneno tisa yalibeba dhuluma na fahari kwa pamoja, na Mbara aliyekuwapo barazani hakuwa na pa kukasirikia.

Ila kilichonifanya niuheshimu ufundi huu ni asubuhi ya Ijumaa, Juni 28, 2019. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kule Cairo, Taifa Stars walikuwa wamekutana na Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Msuva alitupa bao la kwanza, Kenya wakasawazisha; Samatta akatupa la pili, wakasawazisha tena; kisha Olunga akapachika la tatu, nasi tukalala tumefungwa 3-2. Tulikuwa tumekaa miaka 39 bila kuyaona mashindano hayo. Baraza lilikuwa zito. Naye shemeji yake mzee wetu wa kahawa, Mdigo wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekuja Tanga kwa shughuli ya ndugu zake. Hakungoja kualikwa.

"Kitendawili!"

"Tega, shemeji," mzee akaitikia, akiendelea kupanga vikombe.

"Mara mbili nimetangulia kufika mlangoni, aliyelala ndani ni mwingine."

Nilimtazama mzee, nikaona kwamba jibu analo. Lilikuwa jibu la wazi, hata mtoto angelitoa. Lakini mzee alikuna kidevu, akataja mbwa, akataja posa iliyovunjika, akataja abiria wa basi la Horohoro. Kisha akainua mikono: "Nimeshindwa, shemeji. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Nairobi."

"Nairobi si yako kuitoa! Nipe mji wako."

Baraza likaangua kicheko, cha kwanza tangu alfajiri. Mzee akatoa Dodoma. Mgeni akaipokea kwa adabu zote: akasema amefika Dodoma, wenyeji wakamtandikia mkeka, wakamlisha ubwabwa, wakamnywesha maji ya zabibu, naye kwa wema wao hawezi kuwaficha, aliyetangulia mara mbili mlangoni ni Taifa Stars. Tukacheka tena, na uchungu wa Cairo ukapungua.

Nilipomuuliza mzee baadaye kwa nini alijifanya hajui, alinijibu kwamba mgeni ametoka Vanga na kitendawili chake mfukoni. Kukifumbua palepale ni kumnyima mtu furaha ya safari. Wiki tano baadaye alimlipa. Taifa na Harambee walikuwa wamekutana tena, katika mechi za kufuzu CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, wakatoka suluhu Dar es Salaam, wakatoka suluhu Kasarani, kisha Tanzania ikashinda kwa penalti 4-1. Mzee akapiga simu Vanga: "Ngoma mbili zimechezwa bila mlio, mwenye nyumba akalia." Safari hii shemeji ndiye aliyetoa mji, akatoa Mombasa, tena kwa moyo mkunjufu.

Utani huu wa mpira kati ya majirani una umri. Kenya na Uganda walianza kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni, mwaka 1926. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949. Na kabla ya mpira, watu wetu walikuwa na watani zao, Mchaga na Mpare, Mzaramo na Mnyamwezi. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hadi msibani kwako, na kwa kuwa ana ruhusa hiyo, ana wajibu wa kuja kukuzika. Dhihaka yake ina dhamana. Kitendawili nacho kina mpango huohuo: huwezi kutega kabla hujaitikiwa, huwezi kutamba kabla hujapewa mji, na ukishapewa huna budi kuwasifu wenyeji wake. Aliyeshindwa anatoka akiwa amekirimu.

Leo dhihaka haibishi hodi. Filimbi ya mwisho haijamaliza kulia, simu zimeshajaa picha za kubandikwa, wachezaji wamevikwa vichwa vya wanyama, mama zao wametajwa. Hakuna aliyesema tega. Hakuna mji unaotolewa, kwa hiyo hakuna anayesifiwa. Mtu anatukana, anazima simu, analala. Vitendawili vyenyewe tumevifungia darasani. Mtoto anakariri kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, anapata alama yake, anamaliza shule bila kuambiwa hata siku moja atunge chake.

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda waliandaa CHAN kwa pamoja. Kenya wakatolewa na Madagascar kwa penalti, Tanzania wakatolewa na Morocco, Uganda wakatolewa na Senegal, wote katika robo fainali. Mtunzi angeomba nini zaidi? Wenyeji watatu wameandaa harusi, hakuna aliyemwona bibi harusi: kitendawili kilikuwa kimejitunga chenyewe, na kingetuchekesha sote watatu kwa wakati mmoja. Nilikingoja katika makundi yote ya simu niliyomo, ya Tanga na ya Mombasa. Yalikuja matusi, Mkenya kwa Mtanzania, Mtanzania kwa Mganda, kana kwamba hatukuwa tumefikwa na msiba mmoja.

Nchi hizi tatu zimekabidhiwa pia Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vinajengwa, barabara zinapanuliwa. Kuchekana kwa heshima hakuna wizara itakayotujengea. Wanaojua kuchekana hivyo bado wamo mabarazani, ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Nasi tunapita mbele yao tumeinamia simu, tukitafuta la kumuumiza jirani.