Saa za Pia Nyuma ya Nguo ya Mfipa

Ukitoka Ntendo kuteremka Muze, kona za mteremko wa Lyamba lya Mfipa zikiisha tu, koti unalivua. Huku bondeni pamba inakubali kuliko kule juu Sumbawanga kwenye baridi. David Livingstone alipopita kando ya Tanganyika upande wa Ufipa mwaka 1872, aliandika habari za pamba na nguo zilizofumwa na wenyeji.

Tukizungumzia nguo hizo tunamsifu mfumaji. Mimi naona sifa ianzie kwenye pia: kijiti chembamba kilichopachikwa kigae cha duara kilichotobolewa katikati. Vigae vya namna hiyo vimefukuliwa hata Kilwa. Msokotaji huzungusha pia kwa vidole au pajani, huku mkono mwingine ukivuta pamba kidogokidogo. Akivuta haraka, uzi unakatika, akichelewa, unajikunja. Ukikatika haufungwi fundo. Ncha mbili hufumuliwa, hulazwa moja juu ya nyingine, kisha husokotwa upya, kwa sababu fundo litanasa mbele ya safari.

Tupige hesabu. Chukua nguo nzito ya mita 2 kwa 1, yenye nyuzi 6 kila sentimita. Mtande, yaani nyuzi za urefu, ni nyuzi 600 za mita 2, sawa na mita 1,200. Mshindio, yaani uzi unaokatiza, nao ni mita 1,200. Hata msokotaji hodari akitoa mita 50 kwa saa, hizo ni saa 48 za kusokota tu, mbali na kutoa mbegu na kuchambua pamba.

Ndipo mtande unatandazwa chini, umekazwa kwa vigingi. Uzi mmoja unapitishwa kwenye kitanzi cha kijiti kilichoinuliwa, wa pili unaachwa, wa tatu unapitishwa, hivyo hivyo hadi mwisho. Mama anayefuma vitambaa vya makochi akikosea, anafumua safu mbili na kuendelea. Hapa ukiruka kitanzi kimoja, kosa linatembea urefu wote wa nguo, na utaliona ukiwa umeshaanza kufuma. Baada ya hapo kazi inakimbia: ubao mwembamba unasimamishwa kwa ubavu kufungua njia, mshindio unapita, ubao unaupiga ukae.

Husemwa merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, iliua ufumaji kwa bei rahisi. Ni kweli, ila bei ilitoka wapi? Marekani na Sultani Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na majora yakaingia bara kupitia Unguja, uzi wake umeshasokotwa na mashine. Kwenye kufuma kwenyewe, fundi wa bondeni angeweza kujitetea siku mbili tatu. Zile saa 48 za pia ndizo zilizokosa wa kuzilipia.