Kanisa Linalosomwa kwa Kuinamisha Macho

Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, lilianza kujengwa mjini Unguja mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa mahali hapo lilipofungwa, chini ya Askofu Edward Steere. Katika mji ambao upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, paa lake ni tao moja refu la vipande vya matumbawe na saruji, lisilo na boriti hata moja: sentensi ndefu isiyo na kituo. Mgeni huinua uso bila kuambiwa. Hata hivyo, maana nzito ya jengo hili imehifadhiwa chini.

Upande wa magharibi zipo nguzo zilizosimama kichwa chini: taji liko sakafuni, na tako, lililochongwa likanyage ardhi, ndilo linalobeba. Simulizi husema mafundi walizisimamisha hivyo Steere akiwa safarini. Kwa kuwa hazikugeuzwa, ubinuko huo umekuwa sehemu ya matini, nasi tuna haki ya kuusoma: aliyezoea kuwa chini amepewa mahali pa juu, na mkono wa fundi asiyetajwa jina umebaki umeandikwa ndani ya kazi ya askofu.

Mbele ya altare, duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu laonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo ya kanisa, ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Alama hiyo haina kimo. Haiwezi kuonekana na mtu asiyeinamisha macho. Nyuma ya altare amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki 1882, hivi kwamba mjenzi naye ameingia katika tabaka lilelile la chini, na ibada hufanyika kati ya jeraha na kaburi.

Nje, mwaka 1998, mchongaji Clara Sörnäs aliusoma utaratibu huo na kuuendeleza. Watu wake watano wa zege, minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo, ilhali ukumbusho wa kawaida hupandishwa juu ya kitako. Wafu waliouzwa hapa hawana makaburi yenye majina. Shimo hili limewapa umbo la kaburi lisilofukiwa, na anayesimama ukingoni hulazimika kuinama, kama tuinamavyo tunapozika wa kwetu.